Mja mzito, maradhi na mtoto wa tumboni: niliyojifunza Homa Bay na Migori

Tangu nirudi nyumbani Mombasa baada ya miaka 16 ya ukunga kule Nyanza, sipiti mtaani bila ya kusimamishwa na msichana mmoja au mwingine aliyebeba mimba. "Shangazi, nilipata malaria mwezi wa pili, mtoto hatazaliwa kiwete?" "Shangazi, nimepewa vidonge kliniki, lakini jirani ameniambia vinalemaza mtoto." Maswali ni yale yale niliyoulizwa Homa Bay na Migori, kwa lugha nyingine tu. Nimeona bora niyajibu hapa mara moja, ili anayetaka asome, amsomee na mwenziwe.

Nilipelekwa Nyanza mwaka 2006, kabla ya ugatuzi, na wenzangu wa Pwani walinitania sana kwa jina la Homa Bay. Utani huo uliniishia siku za mwanzo kazini. Pembezoni mwa ziwa, kuanzia Kendu Bay, Mbita na Rusinga mpaka Muhuru Bay na mpaka wa Isebania, mwanamke mjamzito hubeba mzigo wa maradhi ambao Pwani tunaujua kwa kiasi tu. Malaria ipo mwaka mzima. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2018 ulikuta asilimia 19.6 ya watu wazima wa Homa Bay wanaishi na virusi vya ukimwi, na asilimia 13 wa Migori, wakati wastani wa nchi nzima ulikuwa asilimia 4.9. Kichocho nacho kiko majini. Mkunga akitaka kujua ni maradhi gani humfanya nini mtoto wa tumboni, huko ndiko pa kujifunzia.

Nianze na tukio moja, kwa sababu limenifunza kuliko vitabu.

Mama aliyeacha dawa

Ilikuwa katikati ya mwaka 2018, katika kituo kimoja cha afya kaunti ya Migori. Mama mmoja, mimba yake ya pili, alikuwa akitumia dawa za kupunguza makali ya ukimwi na afya yake ilikuwa nzuri. Mwezi wa Mei mwaka huo Shirika la Afya Duniani lilitoa tahadhari kuhusu dawa iitwayo dolutegravir. Watafiti wa Botswana walikuwa wamehesabu watoto wa kina mama waliokuwa wakiitumia dawa hiyo tangu siku ya kushika mimba, wakakuta watoto 4 kati ya 426 wamezaliwa na kasoro ya uti wa mgongo au ubongo, ile inayoitwa mgongo wazi na nduguze. Hiyo ni karibu mmoja kwa kila mia, wakati kwa kawaida huko ilikuwa mmoja hivi kwa kila elfu. Kenya, kama nchi nyingine nyingi, ikaelekeza kwamba wanawake wanaoweza kushika mimba wasipewe dawa hiyo ila wawe kwenye uzazi wa mpango, na wengine wapewe efavirenz.

Tahadhari ilikuwa ya haki. Kosa lilikuwa letu sisi wa vituoni. Habari ilishuka kwa vipande, nasi tukaieleza kwa vipande. Yule mama alisikia kwenye foleni kwamba "dawa za ukimwi zinalemaza watoto". Alirudi nyumbani akaacha dawa zote, pamoja na zile ambazo hazikutajwa kabisa. Tulimwona tena mimba ikiwa na miezi saba, virusi vimepanda. Tulimrudisha kwenye dawa, lakini muda ulikuwa mfupi.

Mtoto alizaliwa mzima. Mgongo umefunga, viungo vimekamilika, sauti ya kilio imejaa chumba. Mama alilia kwa furaha. Baada ya wiki 6 tukampima mtoto damu, majibu yakaja kwamba ana virusi.

Hesabu ya Botswana iliendelea. Kadiri watoto wengi walivyozidi kuhesabiwa, tofauti ilipungua. Kufikia mwezi wa Julai 2019 ilikuwa watoto 3 kwa kila elfu, na Shirika la Afya Duniani likaipendekeza dawa hiyo kwa watu wote, wanawake wakiwemo. Miaka iliyofuata tofauti ile ikatoweka kabisa. Efavirenz yenyewe iliwahi kuogopwa vivyo hivyo miaka ya nyuma, na baadaye hofu ikaondoka.

Ndiyo maana kila anayeniuliza humwambia jambo moja kwanza: kuna maradhi yanayolemaza mtoto, kuna yanayomuua au kumdhoofisha bila ya kumlemaza, na kuna dawa za kuogopwa na dawa za kushikwa kwa mikono miwili. Kuchanganya haya manne ndiko kunakoleta msiba.

Mtoto anajengwa lini

Watoto 2 hadi 3 kati ya kila 100 wanaozaliwa popote duniani huwa na kasoro kubwa ya mwili. Zaidi ya nusu ya kasoro hizo hazijulikani chanzo chake. Basi mama yeyote aliyepata mtoto wa namna hiyo asinyooshewe kidole. Kule Nyanza nilisikia wakiambiwa ni chira, yaani wamevunja mwiko wa ukoo. Huku kwetu huambiwa ni jini au ni kijicho cha mtu. Mama huyo ameshabeba mzigo wake, tusimwongezee mwingine.

Viungo vya mtoto hujengwa mapema mno. Mfereji unaokuwa ubongo na uti wa mgongo hufunga kufikia siku ya 28 baada ya mimba kutunga. Moyo, mikono, miguu, macho na masikio huchukua sura yake katika wiki 8 za kwanza. Wakati huo wanawake wengi bado wanahesabu siku na kujiuliza kama damu imechelewa tu. Kuanzia hapo mtoto hukua na kukomaa, lakini ramani ya mwili imeshachorwa.

Kwa hivyo ugonjwa ule ule huweza kuwa na madhara tofauti kabisa ukija mwezi wa pili na ukija mwezi wa saba. Na kwa hivyo mama anayeanza kliniki mwezi wa tano, kama wafanyavyo wengi Pwani na Nyanza, hufika wakati nyumba imeshaezekwa. Bado ana mengi ya kuokoa, lakini si yale ya msingi.

Maradhi yanayoweza kulemaza

Rubella. Kwa mtoto wa miaka sita ni vipele na homa ya siku tatu, mara nyingine hata haijulikani. Kwa mimba ya wiki 12 za kwanza ni balaa: hatari ya mtoto kudhurika hufikia asilimia 90. Huzaliwa na mtoto wa jicho, uziwi, au tundu kwenye moyo, na pengine vyote vitatu. Aliyegundua uhusiano huu ni daktari wa macho wa Sydney, Australia, Norman Gregg, mwaka 1941, baada ya kupokea vichanga wengi wenye macho meupe na kusikia kina mama zao wakizungumza juu ya vipele walivyopata wakiwa wajawazito.

Kenya ilianza chanjo ya pamoja ya surua na rubella kwa kampeni ya Mei 2016, iliyolenga watoto wa kuanzia miezi 9 hadi miaka 14. Nilikuwa miongoni mwa waliochanja. Sasa hutolewa kwa kila mtoto akiwa na miezi 9 na tena miezi 18. Lakini hebu tupige hesabu: msichana aliyekuwa na miaka 16 mwaka huo aliachwa nje, na leo ndiye anayezaa. Wengi wa rika lake waliugua utotoni bila ya kujua na wana kinga. Wachache hawana. Kama wewe ni wa umri huo na unapanga mimba, muulize daktari kuhusu kupima kinga au kuchanjwa kabla. Chanjo hii haitolewi kwa mja mzito, na ukishachanjwa ngoja angalau mwezi mmoja kabla ya kushika mimba. Na mpeleke mwanao achanjwe dozi zote mbili, kwa maana mtoto aliyechanjwa hamwambukizi mama jirani.

Kaswende. Huu ni ugonjwa ambao tungeweza kuufuta kabisa kwa watoto, na bado upo. Mama anaweza kuwa nao bila ya kidonda wala maumivu. Usipotibiwa, mimba huweza kuharibika, mtoto huweza kufia tumboni, au huzaliwa na mifupa, meno, macho na masikio yaliyoathirika. Kipimo ni tone la damu ya kidoleni, na siku hizi tone hilo hilo hupima kaswende na virusi vya ukimwi kwa pamoja. Tiba ni sindano ya penisilini ya benzathine, vipimo milioni 2.4. Dawa nyingine zinaweza kumtibu mama zisimfikie mtoto ipasavyo, kwa hivyo usikubali kubadilishiwa penisilini dukani. Ni vyema sindano ichomwe si chini ya siku 30 kabla ya kujifungua. Na mume atibiwe pia. Nimechoma sindano wanawake wengi waliorudi na ugonjwa ule ule baada ya miezi miwili kwa sababu bwana alikuwa "safarini".

Toksoplasma. Hii ni ya kwetu zaidi kuliko ya Migori, maana sisi wa Mji wa Kale na Lamu tunaishi na paka kama jamaa. Kijidudu chake hutoka na kinyesi cha paka, na pia kimo katika nyama isiyoiva. Mama akikipata kwa mara ya kwanza akiwa mjamzito, mtoto huweza kudhurika macho na ubongo. Huna haja ya kumfukuza paka. Mwachie mtu mwingine kazi ya kuzoa kinyesi chake, osha mikono baada ya kushika mchanga, osha vizuri mboga za kuliwa mbichi, na mishkaki ile iliyoiva hadi ndani.

Saitomegalo. Wengi hawajawahi kulisikia jina hili, na ndilo ambukizo la tumboni lililo la kawaida kuliko yote duniani. Watoto wengi wanaozaliwa nalo hawana tatizo, lakini baadhi hupoteza usikivu, wengine taratibu baada ya kuzaliwa. Huambukizwa kwa mate na mkojo wa watoto wadogo. Mja mzito mwenye kijukuu au mtoto mdogo nyumbani asimalizie chakula alichokitia mtoto mdomoni, asimbusu mdomoni, na anawe mikono kila akibadilisha nepi. Mbusu kichwani, inatosha.

Tetekuwanga. Mama aliyekwisha kuugua utotoni hana haja ya hofu. Ambaye hajaugua akaipata kabla ya wiki ya 20, hatari kwa mtoto ipo lakini ni ndogo, haifiki hata 2 kwa 100 au hapo hapo. Ajitenge na wagonjwa na afike hospitali mapema akiona vipele.

Zika. Jina hili ni la msitu ulio karibu na Entebbe, ng'ambo ya ziwa lile lile, ambako virusi vilitambuliwa mwaka 1947. Dunia ilikuja kuvijua vizuri mwaka 2015, pale Brazil ilipoanza kupata watoto wenye vichwa vidogo. Mbu wake ni yule wa mchana anayezaliana kwenye mitungi na matairi, ndiye huyo huyo anayeleta chikungunya, iliyoisumbua Lamu mwaka 2004 na Mombasa mwaka 2017 na 2018. Chikungunya haijulikani kwa kulemaza viungo, ila mama akiwa nayo wakati wa kujifungua huweza kumwambukiza mtoto na mtoto akaugua sana. Funika mitungi, mwaga maji yaliyosimama.

Maradhi yanayodhuru kwa njia nyingine

Malaria. Hili ndilo jibu la yule msichana wa kwanza. Vijidudu vya malaria havikati mkono wala havipindi mguu wa mtoto. Kazi yao ni kujificha kwenye kondo la nyuma na kumnyima mtoto chakula. Damu ya kidoleni inaweza kuonekana safi na kondo limejaa. Matokeo yake ni mama kuishiwa na damu, mimba kutoka, mtoto kuzaliwa kabla ya wakati au akiwa mdogo mno, au kufia tumboni. Kule Homa Bay nimewapokea vichanga wa kilo moja na nusu waliokamilika kila kiungo, na tukawapoteza kwa kukosa uzito tu.

Hata hivyo, homa kali yenyewe, iwe ya malaria au ya kitu kingine, ikija wiki zile za mwanzo imehusishwa na kasoro za mgongo. Basi homa isingojewe ipoe yenyewe. Pima, tibiwa, na parasetamoli ya kushusha joto inaruhusiwa kwa kipimo chake.

Kinga ni mbili. Ya kwanza ni neti yenye dawa, kila usiku, tangu siku ya kwanza. Ya pili ni vidonge vitatu vya SP, ambavyo wengi huviita Fansidar, vinavyotolewa katika maeneo ya ziwa na pia hapa Pwani. Huanza wiki ya 13, humezwa mbele ya muuguzi, na hurudiwa baada ya mwezi mmoja au zaidi mpaka kujifungua, dozi zisipungue 3. Havitolewi kabla ya wiki ya 13, ndiyo maana neti ni muhimu zaidi miezi ya mwanzo. Mama anayetumia Septrin kila siku kwa sababu ya virusi vya ukimwi hapewi SP, dawa hizo mbili hazichanganywi.

Ukiugua malaria miezi mitatu ya kwanza, tibiwa. Zamani ilikuwa kwinini tu. Tangu mwishoni mwa mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani limeridhia mseto wa artemether na lumefantrine hata kwa miezi hiyo, baada ya miaka mingi ya kuwafuatilia kina mama na watoto wao.

Na ijulikane kwamba Homa Bay ndiko Kenya ilikozindulia chanjo ya malaria ya watoto, tarehe 13 Septemba 2019. Chanjo hiyo ni ya mtoto aliyekwisha kuzaliwa. Haimkingi mtoto wa tumboni.

Virusi vya ukimwi. Havilemazi viungo vya mtoto. Hatari yake ni kumwambukiza. Bila ya dawa, watoto 15 hadi 45 kati ya 100 huambukizwa wakati wa mimba, kuzaliwa au kunyonya. Mama akishika dawa zake vizuri, idadi hushuka chini ya 5. Hakuna dawa niliyoiona ikiokoa watoto wengi kama hii.

Kichocho. Kwa jamaa wa maziwa na mito ya Tana na Kwale, hiki hupunguza damu ya mama na uzito wa mtoto. Tiba ipo na hutolewa baada ya miezi mitatu ya kwanza.

Kichwa kikubwa. Watu wengi hudhani kila mtoto mwenye kichwa cha maji alizaliwa hivyo. Madaktari wa hospitali ya CURE mjini Mbale, Uganda, waliwachunguza watoto wao na kukuta zaidi ya nusu walikuwa wamepata ambukizo la ubongo baada ya kuzaliwa, wengi katika wiki za mwanzo. Basi kichanga mwenye homa, asiyenyonya au mwenye degedege ni wa kukimbizwa hospitali saa hiyo hiyo, asisubiri asubuhi.

Dawa za kuogopa

Woga wa dawa hauna asili ya ujinga. Kati ya mwaka 1957 na 1961 dawa ya thalidomide, iliyouzwa kwa kina mama wenye kichefuchefu, ililemaza watoto zaidi ya 10,000 duniani. Dunia ilijifunza, na ndiyo sababu ya Botswana kuhesabu watoto mmoja mmoja.

Zinazostahili kuogopwa ni zile za kujinunulia. Doksisaiklini na tetrasaiklini huharibu meno na mifupa ya mtoto. Vidonge vya kumeza vya fangasi, fluconazole, si vya miezi ya mwanzo, tumia dawa ya kupaka au ya kuweka ukeni uliyoandikiwa. Mitishamba isiyojulikana kipimo, iwe ya Gede au ya Oyugis, iache kabatini. Na mwenye kifafa anayetumia sodium valproate amwone daktari kabla ya kushika mimba, asiikatize mwenyewe.

Ya kufanya, kwa mpangilio

Kabla ya mimba: meza asidi ya foliki, mikrogramu 400 kila siku, angalau mwezi mmoja kabla. Hii ndiyo inayosaidia mgongo kufunga, na ukiianza mwezi wa tatu wa mimba kazi hiyo imeshapita.

Mara tu damu ikikosa: nenda kliniki wiki hiyo hiyo. Pimwa virusi vya ukimwi, kaswende na wingi wa damu. Chukua neti.

Kuanzia wiki ya 13: SP kila mwezi. Vidonge vya pamoja vya madini ya chuma na foliki vinavyotolewa kliniki, endelea navyo. Ila ukipewa vile vya foliki vya miligramu 5, mwambie muuguzi, kwa sababu kipimo hicho kikubwa hupunguza nguvu ya SP.

Wakati wote: homa, vipele, majimaji yasiyo ya kawaida au mtoto kutocheza, usingoje tarehe ya kwenye daftari.

Na mtoto akizaliwa na kasoro, asifichwe chumbani. Mguu kifundo hunyooshwa kwa plasta ukianza katika wiki za mwanzo, mdomo uliopasuka hushonwa, na mgongo wazi unatakiwa ufungwe na daktari wa upasuaji mapema kabla ya kuingia vijidudu.

Yule mama wa Migori niliagana naye mwaka 2022. Mwanawe alikuwa anaingia shule ya chekechea, anatumia dawa zake kila jioni, mwenye mbio kama wenzake. Mama alikuwa na mimba nyingine. Safari hii alikuja kliniki ya wiki ya sita, akakaa kwenye benchi la mbele, akaniuliza kila kidonge ni cha nini, kimoja baada ya kimoja, nami nikamjibu vyote. Tulichukua karibu saa nzima, na foleni ikanung'unika. Mtoto yule alizaliwa salama, na vipimo vyake vyote mpaka naondoka vilikuwa safi.

Ukienda kliniki, nawe uliza kidonge kimoja kimoja. Muuguzi akinung'unika, mwambie umetumwa na shangazi.